Wazee Wanataka Nifute Sauti ya Paskazia

Mshauri mpendwa Mama Teodora, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu watu wote ninaoweza kuwauliza jambo hili tayari wana upande, na mimi mwenyewe sijui kama nina upande au nina mazoea tu ya kukaa kimya mpaka mambo yaamuliwe na wengine. Majina nitakayoyataja nimeyabadilisha, lakini mengine yote ni kama yalivyotokea, na nitajitahidi kuyaeleza bila kujipendelea.

Nina umri wa miaka ishirini na minne, nilimaliza kidato cha sita, naishi Pasiansi kwa kaka yangu, asubuhi napiga chapa barua katika ofisi moja ya mjini, na kazi ninayoipenda kuliko zote hainilipi kitu: natunga nyimbo za kwaya ya kanisa letu na kuzirekodi. Kaseti yetu ya kwanza tuliirekodi kama kwaya zote za hapa zilivyokuwa zikirekodi, yaani maiki moja ilining'inizwa kwenye boriti ya kanisa, kwaya nzima ikasimama chini yake, mwalimu akahesabu, tukaimba, na aliyekohoa akakohoa milele. Lakini siku hizi maduka yamejaa vyombo vya kila namna, na mwaka juzi marafiki wa kanisa letu walioko ng'ambo walituletea kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, pamoja na mashine ya kurekodi yenye njia nne.

Naomba nieleze hizo njia nne, maana tatizo langu lote limo humo. Mashine inatumia kaseti ya kawaida, ile ile unayonunua sokoni, ila ukanda wake inaugawa sehemu nne, na kila sehemu unairekodi kwa wakati wake, kwa hiyo leo unaweka ngoma na besi za kinanda kwenye njia ya kwanza, kesho kwaya inaimba juu yake kwenye njia ya pili, siku nyingine mwimbaji mmoja anaingia peke yake njia ya tatu, na gitaa njia ya nne, na mwisho unakaa mbele ya vitufe vinne vya kusukuma juu na chini, unampandisha huyu, unamshusha yule, mpaka wote wakae pamoja kama watu walioimba siku moja. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kijitabu cha maelekezo kwa msaada wa kamusi, nikabandika trei za mayai kwenye kuta za stoo ya nyuma ya kanisa ili sauti isirudi rudi, na Mayala mpiga gitaa wetu akasema nikiongeza na kuku kwaya itajitegemea. Sikucheka. Siku ya kwanza nilipovaa hedifoni na kusikia sauti ya tatu na sauti ya nne zikitengana, kila moja mahali pake, nilihisi kwamba nimefika mahali nilipokuwa nikielekea bila kujua tangu utotoni, na tangu siku hiyo, Mama, watu wakizungumza nami huwa nasubiri wamalize ili nirudi stoo.

Mwaka jana nilitunga wimbo wa Ruthu akiokota masazo shambani mwa Boazi, tuuimbe Jumapili ya mavuno ya mwaka huu na uwe wimbo wa kwanza katika kaseti yetu ya pili. Aliyeongoza, njia ya tatu, ni Paskazia, msichana wa rika langu niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Niliandika nota zote, na mwisho wa kila ubeti niliandika sauti ishuke, itue. Yeye hakuishusha. Aliipandisha, akaivuta, kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mwanamke mwingine upande wa pili wa shamba anayelima kuja upande wake. Nilimsimamisha, nikamwambia sivyo nilivyoandika, akasema, "Sawa, dada mtunzi," akarudia vile vile, nikamsimamisha tena, akarudia vile vile, mpaka Mwalimu Zadok anayetufundisha kwaya akasema umeme ukikatika hapa hatutakuwa na cha kwake wala cha kwangu, tuendelee. Nilikasirika. Baadaye nilisikiliza njia ya tatu peke yake, nyingine zote nimezishusha, nikaelewa kwamba wimbo wangu ulikuwa unaanzia pale nilipodhani unaishia.

Baada ya hapo Paskazia alionekana ana mimba, na kwa kuwa hajaolewa na amekataa kumtaja mwanamume, baraza la wazee lilimtenga, kama taratibu zetu zilivyo: haimbi, hashiriki meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma mpaka atakapojifungua, atubu mbele ya usharika na kurejeshwa. Sikupinga, wala sikushangaa. Wametengwa wengi na wamerudi wengi, na katika kaseti yetu ya kwanza wamo waimbaji wawili wa sauti ya tatu waliotengwa baadaye kwa ulevi, bado wanaimba katika redio za watu hadi leo na hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu wote waliimba chini ya maiki moja, na ukitaka kuwatoa wao itabidi uitupe kaseti nzima. Swali limeletwa na mashine. Kwa kuwa sasa inawezekana kumtoa mtu mmoja, imekuwa lazima tuulizwe kwa nini hajatolewa.

Aliyeuliza ni Mzee Ndalahwa, mwenyekiti wa baraza. Si mtu mbaya, ndiye aliyenilipia nauli nilipokwenda kufanya mtihani wa kidato cha sita. Alikuja stoo na Mwalimu Zadok, akavua kofia, akaketi juu ya spika, akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nionyeshe palipo Paskazia." Nikawasha wimbo, nikashusha kitufe cha njia ya tatu. Sauti ikaondoka, likabaki pengo na kwaya ikiitikia mtu asiyekuwepo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha.

"Ondoa."

Nikaondoa. Kisha akaniambia nisogee, akaweka kidole chake mwenyewe, akashusha, akapandisha, akashusha, akapandisha, na nakiri kwamba uso wake ulikuwa wa mtu anayefurahi.

"Kumbe hajatoka," akasema hatimaye. "Huyu amejificha nyuma ya mlango."

"Mzee, ukishusha hivi hasikiki hata na malaika," akasema Mwalimu Zadok.

"Malaika hawahitaji spika, Mwalimu." Akanigeukia. "Sikiliza, binti. Siku ya mavuno kaseti hii itapigwa kwenye spika za nje, itasikika mpaka barabarani. Watu watamsikia Paskazia akiongoza kwaya, na Paskazia huyo wanamwona benchi la nyuma. Tutawaambia nini? Kwamba tulitenga tumbo, koo tukaliacha?"

Mwalimu Zadok alitaka kucheka, akakohoa. Mimi niliona kwamba ni swali la haki.

Basi agizo la baraza ni kwamba njia ya tatu ifutwe, si kushushwa, kufutwa kabisa, na mwingine aimbe mahali pake kabla ya mavuno. Nisipofanya, ufunguo wa stoo nitaurudisha, mashine itafungiwa ofisini, na kijana wa duka moja la redio mjini ameshasema anaweza kuifanya kazi hiyo kabla chai haijapoa. Nimefikiria kunakili njia ya tatu kwenye kaseti nyingine kwanza, kimyakimya, kisha nifute mbele yao, lakini nimeshajaribu jambo kama hilo na najua matokeo yake: kaseti mbili hazikimbii sawasawa, ukitaka kuirudisha sauti ile juu ya ngoma, ubeti wa kwanza watakwenda pamoja, wa pili wataanza kupishana, wa tatu utadhani mwimbaji amelewa. Sauti itakuwepo, ila wimbo hautakuwepo. Ikifutwa mahali pale ilipo, imefutwa.

Nilikwenda kumwambia. Anakaa Mkolani kwa shangazi yake na anakaanga mapanki kando ya barabara, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Aliniona kwa mbali.

"Umekuja na mashine?"

"Hapana."

"Basi umepotea njia. Wewe huendi popote bila mashine."

Nikamwambia wazee wameagiza njia ya tatu ifutwe. Akauliza njia ya tatu ndiyo nini. Nikamwambia ni sauti yake. Alicheka mpaka wateja wakageuka. "Mwambieni Mzee Ndalahwa aje na kitambaa na ndoo ya maji," akasema. "Anifue kwanza, halafu anipige pasi." Akageuza samaki. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia.

"Na nani ataimba?"

Nikatazama mafuta yakichemka kwenye karai.

"Aa," akasema. "Wewe."

"Sijasema mimi."

"Hujasema. Wewe huwa husemi. Haya, imba. Ila imba kama ulivyoandika. Usiimbe nilivyoimba mimi. Pale mwisho ni pa bibi yangu, alikuwa akiwaitia wenzake jembe hivyo, na yeye hakutengwa na mtu."

Niliondoka. Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ni kweli Mwalimu Zadok ameniomba niimbe mimi, kwa kuwa wimbo naujua, na nimejaribu peke yangu stoo bila kurekodi. Nikiimba kama nilivyoandika, wimbo unakuwa kama hesabu iliyofanywa vizuri. Nikiimba kama alivyoimba njia ya tatu, unakuwa hai, lakini ni wizi, na wizi wenyewe si kamili, maana nasikika kama mtu anayeiga. Nimejaribu pia kuweka sauti ya filimbi ya kinanda mahali pake, nikakuta inapendeza, inapendeza sana, na nikaogopa jinsi nilivyofurahi kwamba kumbe inawezekana asiwepo mtu kabisa.

Naomba unijibu kwa uwazi. Je, nifute kwa kutii, maana kaseti ni ya kanisa na mimi ni fundi tu? Nifiche nakala? Au niache, wafute wengine, nibaki bila mashine na bila wimbo, na matokeo yawe yale yale? Nimeliangalia kila upande na naona kila upande una hoja.

Wako,
Mwenye Mashine,
Pasiansi, Mwanza.

*

Marahaba, binti wa Pasiansi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilichukua kalamu nyekundu, na nitakwambia kwa nini.

Huruma kwanza. Unafanya kazi ngumu, bila mwalimu, bila malipo, katika chumba cha trei za mayai, na umeipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Usimruhusu mtu akwambie kwamba mashine ni ya shetani au ni ya wanaume. Vyombo hivi vimekuja, vitabaki, na ni afadhali viwe mikononi mwa mtu anayesoma kijitabu kuliko mikononi mwa yule kijana wa chai isiyopoa. Na filimbi ya kinanda haina kosa. Mtunzi anayeogopa furaha yake mwenyewe hatatunga kitu.

Sasa kalamu nyekundu. Uliponitajia Paskazia, alikuwa msichana mliyekaa dawati moja. Ukurasa uliofuata akawa mwimbaji. Kufika ukurasa wa tatu ni "njia ya tatu". Umekwenda mpaka Mkolani, umesimama mbele ya mwenzako mwenye mimba anayekaanga samaki juani, ukamwambia kwamba njia ya tatu ifutwe! Binti yangu, hata mimi ningekucheka mpaka wateja wageuke. Mashine imekufundisha kuwatenganisha watu ili uwasikie vizuri. Ni jambo jema ukiwa stoo. Umetoka nayo nje, hapo ndipo ulipokosea. Unasema kila upande una hoja. Ndiyo, kwa sababu hoja hazikaangi samaki.

Na hili la kusema wewe ni fundi tu, ulifute. Fundi tu hatungi wimbo wa Ruthu. Unapotaka sifa wewe ni mtunzi, na unapotakiwa kuamua unakuwa fundi?

Tuje kwa Mzee Ndalahwa. Namheshimu kama wewe unavyomheshimu, maana ameuliza swali la kweli. Lakini swali lake lina jibu, na jibu limo katika taratibu zake mwenyewe ulizonieleza. Kutengwa kuna mlango wa kurudia. Atajifungua, atatubu, atapokelewa, atarudishiwa joho lake, na wazee hao hao watampa mkono. Hiyo ndiyo adhabu ya kanisa: ina mwisho. Kufuta ukanda hakuna mwisho. Siku watakapomrejesha Paskazia kundini, sauti yake wataitoa wapi? Wamwambie aimbe tena? Anaweza kuimba tena, lakini hataimba ile. Nimeimba alto mpaka meno yakaanza kunitoka, na najua kwamba hakuna anayeimba kitu kile kile mara mbili. Baraza lilimtenga kwa muda. Wewe unaombwa umtenge milele, na mamlaka hayo wazee hawakuwa nayo wao wenyewe hata wakupe wewe. Sidhani kama ni kwa ubaya. Wamepewa kidole kirefu kuliko walichokizoea, na hawajajua kinafika wapi. Kazi yako wewe unayeijua mashine ni kuwaambia, na hukuwaambia. Ulikaa pale, mzee akapandisha na kushusha, ukatazama uso wake kama mtu anayetazama mchezo.

Umeniuliza kuhusu kuficha nakala. Hapana. Umekwisha kunieleza mwenyewe kwamba nakala hiyo haitafaa kitu. Itakufaa wewe tu, uivae masikioni na ujione umeokoa jambo. Huo ni uongo kwa wazee na ni uongo kwa nafsi yako.

Na usiimbe wewe. Si kwa sababu huna sauti. Paskazia amekwambia mwisho wa ubeti ni wa bibi yake, umekwisha kuelewa, umekiri kwa maandishi yako kwamba kuimba hivyo ni wizi. Unataka nikupe ruhusa gani tena? Maneno ni yako, nota ni zako. Uhai wa pale mwisho si wako. Wimbo mmoja kuwa na wenyewe watatu si aibu, nyimbo nyingi tu tunazozipenda ziko hivyo. Siku kaseti itakapotoka, andika jina lake juu ya jalada, na la bibi yake kama atakubali kukutajia.

Basi, fanya hivi.

Leo, ukimaliza kusoma, nenda stoo. Itoe ile kaseti kwenye mashine. Mgongoni mwake kuna viplastiki viwili vidogo, kila pembe kimoja; ukivivunja, mashine haikubali tena kurekodi juu yake. Wewe unavijua vizuri kuliko mimi, na nashangaa kwamba katika barua ndefu namna ile hukuvitaja hata mara moja. Nadhani sikosei nikisema kwamba uliacha mlango wa kufuta wazi makusudi. Vivunje vyote viwili.

Kaseti ni ya kanisa, kwa hiyo usiende nayo Pasiansi. Omba kuonana na baraza wakiwa wamekaa wote, pamoja na mchungaji, mchana. Wasalimie, waheshimu, ikabidhi kaseti mezani, na useme maneno machache: "Wazee wangu, mimi sifuti, na kwa mkono wangu nimeifunga isifutike. Mkiona isipigwe siku ya mavuno, nitatii, ikae kabatini. Siku mtakapomrejesha Paskazia tuipige." Usiongeze la Hagari wala la mwanamke kisimani, wanayajua kuliko wewe. Mwalimu Zadok akitaka kukohoa, mwache akohoe, lakini mwombe kabla ya kikao aseme na yeye neno moja, maana alikuwepo na anajua.

Siku ya mavuno imbeni wimbo mwingine. Kama hamna, tunga, muda upo. Utunge wenye sehemu ndogo ya kuongoza, uimbe mwenyewe kama ulivyoandika, na filimbi yako uiweke humo mpaka uridhike. Ukiwa kama hesabu iliyofanywa vizuri, wasikilizaji watakwambia, na wa pili utakuwa afadhali.

Wanaweza kukunyang'anya ufunguo. Kama wakifanya hivyo, urudishe bila maneno. Utaumia, sitakudanganya, na utazunguka nyumbani kwa kaka yako kama kuku aliyetaga mahali akapasahau. Lakini mikono iliyojifunza kwa kamusi haifungiwi ofisini. Mashine nyingine zitakuja hapa Mwanza, na watakaokuwa nazo watakutafuta.

Na najua pia kwamba mwenye nia ya kufuta anaweza kuziba vile vitundu kwa selotepu. Hilo huwezi kulizuia, na sikuagizi ulizuie. Ila itambidi akate selotepu mwenyewe, abandike mwenyewe, na abonyeze mwenyewe akijua anafuta nini. Hatakuwepo binti msomi wa kumfanyia ili yeye abaki safi.

Ukishatoka kwenye kikao, usirudi stoo. Nenda Mkolani. Usimpelekee Paskazia habari ya kaseti kwanza, ataisikia, mji wetu hauna siri. Nunua samaki, kaa kwenye kigoda, umpokee mwiko apumzishe mgongo. Muulize anatarajia kujifungua lini na nani atakuwa naye siku hiyo, maana umeniandikia kurasa nzima juu ya sauti yake na hilo hukuliandika.